Miwani Janja na Ununuzi wa Gari kwa Mbali: Somo kwa Mnunuzi wa Tabora

Miwani janja ni miwani ya kuvaa ambayo fremu yake imebeba kamera, maikrofoni, spika ndogo na betri, na ambayo, ikiunganishwa na intaneti, humwezesha mtu aliye mbali kuona kile kinachotazamwa na mvaaji na kuzungumza naye papo hapo. Katika biashara ya magari, mfano unaoeleza vizuri zaidi uwezo wa chombo hiki unatoka gereji wala si kwenye yadi ya mauzo. Mwezi Novemba 2017, tawi la Porsche la Amerika Kaskazini lilitangaza mpango wa Tech Live Look, ambamo fundi wa wakala alivaa miwani ya ODG R-7 iliyotumia programu ya kampuni ya Atheer; alipokwama, mtaalamu aliyekuwa makao makuu ya Atlanta aliiona injini kutoka usawa wa macho ya fundi, akapiga picha za kilichoonekana, na kumtumia maelekezo ya hatua kwa hatua yaliyojitokeza mbele ya macho yake bila yeye kuweka spana chini. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, muda wa kutatua hitilafu ulipungua kwa hadi asilimia 40.

Manufaa hayo hayakutokana na ubora wa picha peke yake, kwa kuwa simu ya kawaida nayo hupiga picha nzuri. Yalitokana na kwamba mikono ya fundi ilibaki huru na, muhimu zaidi, kwamba aliyekuwa mbali ndiye aliyeamua nini kitazamwe. Jambo hili la pili ndilo linalostahili kuzingatiwa Tabora, mji uliokua kwa biashara ya watu wasioonana. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, katika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuwa wametoka pwani mwezi Juni, na kwa umbali huo mfadhili wa Kihindi aliyekaa Unguja, akitoa nguo na shanga kwa mkopo ili zirudi zikiwa pembe za ndovu, hakuwa na njia ya kuikagua bidhaa mpaka wapagazi waitue pwani. Alichokuwa nacho ni barua na uaminifu wa wakala, na wakala huandika anachotaka kisomwe.

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilifupisha safari, lakini udhaifu huo haukuondoka. Mkazi wa Tabora anayenunua gari lililotumika Japani, likiwa limeegeshwa kwenye yadi ya Dar es Salaam, kwa kawaida hutumiwa picha na video fupi za WhatsApp zilizopigwa na muuzaji au dalali, naye aliyeshika simu ndiye anayechagua upande unaong'aa. Miwani kama Ray-Ban Meta, iliyoingia sokoni mwaka 2023 ikiwa na kamera ya megapikseli 12, inaweza kuubadilisha utaratibu huu, kwa sababu mtu anayezungumza kwa simu ya video ya WhatsApp anaweza kuhamisha picha kutoka kamera ya simu kwenda kamera ya miwani, na mnunuzi akatoa amri moja baada ya nyingine bila video kukatwa.

Ukaguzi wa namna hiyo uanze injini ikiwa ya baridi, mshale wa joto ukionekana kwenye dashibodi kabla ya kuwasha, kwa kuwa injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Kisha namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na nyaraka. Vichwa vya bolti za boneti na mabawa viangaliwe kama rangi yake imechubuliwa na spana, dalili kwamba huenda bodi iliwahi kufunguliwa baada ya ajali. Mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho, maana matope ya gari lililozama majini huweza kubaki kwenye sehemu ya mkanda isiyofikiwa na wasafishaji. Na tarakimu 4 za ubavuni mwa tairi zisomwe, 2 za kwanza zikiwa wiki na 2 za mwisho mwaka wa kutengenezwa. Kwa kuwa kamera imekaa pembeni mwa fremu, kitu kilicho karibu sana husogea mbali na katikati ya picha, hivyo mvaaji hulazimika kugeuza kichwa kidogo, na chini ya gari hawezi kufanya kazi bila tochi.

Gharama ya data si kikwazo kikubwa: simu ya video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde humaliza takriban megabaiti 225 kwa dakika 30. Kikwazo ni yale yasiyopita kwenye kamera, yaani harufu ya mafuta yaliyoungua, mtetemo wa gia boksi inapobadilisha gia, na uzito wa stering, ambayo lazima yasemwe na mvaaji. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai uangalifu katika kurekodi na kuhifadhi sura za watu wanaopita kwenye yadi.

Kwa sababu ya hayo yasiyopita kwenye kamera, suala zito kuliko aina ya miwani ni la mvaaji. Akivaa mfanyakazi wa yadi, mnunuzi ataona vingi, lakini mtetemo na harufu atasimuliwa na yule anayetaka gari liuzwe; akivaa fundi aliyelipwa na mnunuzi, hata kama miwani imeazimwa, taarifa zile ambazo kamera haizibebi zitatoka kwa mtu asiye na faida katika kuzificha, na ujira wake ni wa kuhesabiwa ndani ya bei ya gari tangu mwanzo.