Duara, Mzunguko na Mzingile: Tathmini ya Dhana Moja katika Isimu na Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Dhana ya duara hutumika katika historia, uchumi, biolojia, isimu na fasihi kana kwamba ina maana moja kote. Makala haya yanajenga hoja kwamba nyanja zilizoitumia kwa manufaa zilibainisha kinachorudi, kinachokirudisha, na badiliko kinachorudi nalo. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa wa riwaya za Euphrase Kezilahabi, mara nyingi huyaruka maswali hayo. Kwa kutumia mifano ya viambishi -ta-, -me- na -sha-, makala yanaonesha kuwa isimu ya Kiswahili inaweza kumpa mhakiki kipimo anachokihitaji.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa tahakiki za fasihi ya Kiafrika hukutana mara kwa mara na kauli kwamba wakati wa Mwafrika ni wa duara. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema. Inalenga kupinga dai kwamba jamii zote husafiri katika mstari mmoja mnyoofu ambao Ulaya imetangulia na wengine wanafuata. Hata hivyo, ikipokewa bila kupimwa, huzaa tatizo zito kuliko lile lililokusudiwa kutatuliwa. Ikiwa kila jambo hurudi lilipoanzia, basi mtawala dhalimu ni zamu tu katika gurudumu, na anayempinga anajisumbua bure. Suala hili, kwa hiyo, si la istilahi peke yake. Linahusu nafasi ya binadamu katika kuitengeneza historia yake, na namna mhakiki anavyoieleza nafasi hiyo.

2.0 Duara katika nyanja nyingine

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuinuka na kuanguka kwa dola kwa kutumia dhana ya asabia, yaani mshikamano wa kundi. Kundi lenye mshikamano hutwaa mamlaka. Maisha ya anasa mjini huumomonyoa mshikamano huo. Kisha kundi jingine kutoka pembezoni hushika hatamu. Alikadiria kuwa dola kwa kawaida huishi vizazi vitatu vya takriban miaka 40 kila kimoja. La muhimu hapa ni kwamba dola iliyoanguka hairudi. Kinachorudi ni mfuatano wa hatua, na sababu ya mfuatano huo imetajwa wazi.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1926, Vito Volterra alieleza kihisabati kupanda na kushuka kwa idadi ya samaki walao wenzao na ya wale waliwao. Walaji wakizidi, waliwao hupungua. Waliwao wakipungua, walaji nao hukosa chakula na kupungua, na waliwao hupata nafasi ya kuongezeka tena. Mzunguko huo hauhitaji msukumo wowote kutoka nje.

Katika uchumi, Nikolai Kondratiev alidai katika miaka ya 1920 kuwa uchumi wa kibepari hupanda na kushuka katika mawimbi marefu ya takriban nusu karne. Lakini mwaka 1927 mwenzake Eugen Slutsky alitoa onyo ambalo kila mtafiti wa mizunguko anapaswa kulikumbuka. Alichukua nambari zilizotokana na bahati nasibu, akazijumlisha kwa mafungu yanayopishana, na matokeo yake yakawa mchoro wa mawimbi uliofanana mno na mawimbi halisi ya biashara. Jicho la binadamu huona mzunguko hata pale ambapo pana kubahatisha tu.

Kutokana na mifano hii, maswali matatu yanajitokeza. Ni nini hasa kinachorudi? Ni kani gani inayokirudisha? Na kinaporudi, kimebadilika vipi? Dai la duara lisilojibu maswali haya halijatoka katika ngazi ya sitiari.

3.0 Mzunguko katika sarufi ya Kiswahili

Isimu ina mfano mashuhuri wa mzunguko uliojibu maswali hayo. Mwaka 1917 Otto Jespersen alionesha jinsi kikanushi kinavyodhoofika, kikaongezewa neno la kukitilia nguvu, na hatimaye neno hilo likawa ndilo kikanushi. Katika Kifaransa, ne ilisaidiwa na pas, neno lililomaanisha hatua. Leo katika mazungumzo pas mara nyingi husimama peke yake. Ukanushi umerudi kuwa na umbo moja, lakini si umbo lilelile.

Kiswahili kina mfano wa aina hii ulio hai zaidi kwa wasomaji wake. Kiambishi cha hali timilifu -me- huhusishwa na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza, ambacho mzizi wake bado unaonekana katika maliza. Kadiri kilivyozoeleka, uzito wake wa kumaliza ulipungua. Amelala, amesimama na amekaa hueleza hali iliyopo sasa kuliko tendo lililokamilika. Msemaji anayetaka kusisitiza ukamilifu alihitaji msaada, na aliupata katika kitenzi kingine chenye maana ya kumalizika: kwisha. Amekwisha fika ikawa ameshafika, na katika mazungumzo ikawa ashafika, ambamo -me- imetoweka kabisa.

Kwa mtazamo wa haraka, hili ni duara: kitenzi cha kumaliza kimekuwa kiambishi, kimechakaa, na kitenzi kingine cha kumaliza kimeingia. Maswali matatu yanasahihisha mtazamo huo. Kinachorudi ni njia, si neno. Kinachoirudisha ni mvutano kati ya uchakavu wa maana na haja ya msemaji ya kusisitiza. Tena, mahali pa kufikia si pale pa kuanzia, kwa kuwa ameshafika hubeba maana ya tendo kutangulia matarajio, maana ambayo amefika hailazimiki kuwa nayo. Aidha, -me- haijaondolewa; viambishi vyote viwili vinaishi pamoja. Mzunguko huu, basi, haujafungika, na hakuna kinacholazimisha ufungike.

4.0 Wakati, njeo na kalenda

Anayetajwa zaidi katika mjadala wa wakati wa Kiafrika ni John Mbiti (1969), aliyetumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kutaja vipimo viwili vya wakati. Sehemu ya ushahidi wake ilitokana na njeo za Kikamba na Kigikuyu, ambamo aliona kuwa wakati ujao hauendi mbali. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, Mbiti anataja mahadhi ya maumbile na ya maisha ya binadamu, lakini mwelekeo mkuu wa maelezo yake si duara: matukio hutoka katika sasa na kuzama katika zamani. Wahakiki wanaomtaja kama shahidi wa duara wanamwongezea neno. Pili, asili ya njeo si ushahidi wa falsafa ya jamii. Kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi taka, na umbo la zamani bado linaonekana katika virejeshi kama atakayekuja. Kiingereza nacho kiliunda wakati ujao kutokana na kitenzi cha kutaka. Hakuna anayehitimisha kwamba Waingereza hawakuwa na dhana ya kesho.

Kalenda ya pwani inatoa ushahidi bora. Mwaka wa Nairuzi, ambao kumbukumbu yake inaadhimishwa Makunduchi katika Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, jumla siku 365. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, siku ya mwaka husogea takriban siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na majira ya kusi na kaskazi. Hata mzunguko uliowekwa ili kuwaongoza mabaharia na wakulima haurudi palepale.

5.0 Duara katika uhakiki wa fasihi

Utenzi wa Al-Inkishafi, unaohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaweza kusomwa kwa haraka kama utenzi wa mzunguko wa kuinuka na kuanguka. Ukipimwa kwa swali la kwanza, usomaji huo unayumba. Pate ya utenzi huo hairudi. Majumba yake yamebaki magofu. Kinachorudiwa ni onyo kwa moyo wa kila msomaji, na onyo lina maana pale tu ambapo anayeonywa anaweza kuchagua.

Hoja hii ina uzito zaidi kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Riwaya hizi hujengwa juu ya safari ya utafutaji, na urudiaji wa taswira na matukio umewafanya wahakiki kuziita riwaya za duara. Lakini Kezilahabi hakuiita riwaya yake duara. Aliiita mzingile. Tofauti si ndogo. Anayetembea katika duara hana njia ya kuchagua, na kila hatua imekwisha kuamuliwa na umbo. Anayetembea katika mzingile anaweza kupita mahali pamoja mara nyingi, lakini kila kona inamtaka aamue, na makosa yake ni yake. Kurudi kwake humfunza jambo: njia aliyokwisha kuijaribu haifai. Msomaji anayelichukulia jina hilo kwa uzito ataona kuwa mwanzo mpya unaofuata maangamizi katika Mzingile haufuti yaliyotangulia. Wanaoanza upya wanaanza wakiyajua.

Kazi ya awali ya mwandishi huyohuyo inaunga mkono usomaji huu. Gamba la Nyoka (1979), riwaya inayohusu utekelezaji wa Ujamaa vijijini, imebeba taswira ya kujivua. Nyoka anayejivua gamba si nyoka mpya, wala hayuko alipokuwa. Taswira hiyo humlazimu msomaji kuuliza ni nini kilichobadilika kwa kweli na ni nini kilichobadilisha ngozi tu. Neno duara likitumiwa hapa, hulizima swali hilo kabla halijaulizwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kuitupa dhana ya mzunguko. Yameonesha kuwa dhana hiyo ina nguvu pale inapotaja kinachorudi, kani inayokirudisha na tofauti inayopatikana katika kurudi huko. Mwanaisimu hawezi kueleza ashafika bila kutaja wasemaji waliohitaji kusisitiza. Mhakiki naye hapaswi kueleza urudiaji katika riwaya bila kutaja watu wanaorudia, sababu zao, na uwezekano wao wa kutorudia. Utafiti zaidi unahitajika katika ushairi na tamthilia za Kiswahili, ambamo neno duara limezoeleka vivyo hivyo. Hatua ya kwanza ni kulitenganisha na mzingile.