“Ni ya asili” haiko jibu



Siku hizi mu simu zetu kunapita sana video za “spa ya nyumbani”. Munajua vile zinapangwa: avoka imepondwa mu sahani, kijiko cha asali, ndimu mbili, bikarboneti kidogo, muziki wa pole, kisha uso wa dada mmoja unang’aa mbele ya kioo. Na kama mtu anauliza swali, jibu liko tayari: “Usiogope, ni ya asili.” Nataka tuongee juu ya jibu lile, juu njo linaharibu kazi yote.

Haiko yote ya kutupa, tuseme ukweli. Avoka ina mafuta, na ngozi kavu inapenda mafuta, zaidi mu kiangazi wakati vumbi inapasua visigino. Asali inashika maji mu ngozi. Sukari yenye kuchanganywa na mafuta inasugua miguu bila shida. Na wamama zetu walipakaa watoto mafuta meusi ya mbegu za ngazi mbele intaneti haijafika kwetu. (Avoka nzima ku uso wa mtu mmoja wakati nyumbani watu bado hawajakula, ile ni habari ingine.)

Ugomvi wangu unaanza na ndimu. Kila mwanafunzi wa kemia anajua kwamba maji ya ndimu iko na pH ya karibu 2, na juu ya ngozi yetu pH iko karibu 5. Mu hesabu ya pH, kila hatua moja ni mara kumi: kwa hiyo unaweka ku uso kitu chenye asidi karibu mara elfu kuliko vile ngozi imezoea. Kisha, kwa “kutuliza”, wanaongeza bikarboneti, yenye inavuta ngozi upande ule mwingine, zaidi ya 8. Ngozi haiko sahani ya kusugua.

Na asidi haiko ubaya mkubwa. Ndimu, zaidi zile za kijani, ziko na vitu vyenye kuitwa furokumarini. Vikibaki ku ngozi na jua ikapiga, ngozi inaungua: inakuwa nyekundu, mara ingine inatoa malengelenge, kisha inaacha alama nyeusi ya wiki nyingi, hata miezi. Tena haionekani pale pale. Inakuja kisha siku moja ao mbili, na ule dada hawezi hata kufikiri ndimu. Anasema ni jua, ao ni sabuni mpya, na anarudilia kupakaa ndimu juu ya alama ile ile! Sasa fikiria: Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ikweta iko hapa jirani. Jua ya kwetu haina muda wa kupumzika. Mtu mwenye kupakaa ndimu Ulaya mu majira ya baridi, nyuma ya dirisha, na mtu mwenye kutoka nayo saa nne asubuhi kwenda ku chuo Bukavu, hawafanye kitu kimoja, hata kama sahani ni ile ile.

Papayi bichi pia. Kule Beni watu wanachanja papayi za kijani ku mti na kukusanya utomvu wake mweupe. Mule njo munatoka papaini, yenye viwanda vinatumia kwa kulainisha nyama. Kitu chenye kulainisha nyama ngumu, wanakushauri uiache ku shavu dakika makumi tatu! Alowe vera yenyewe inataka akili: mbele ya kuchukua ile sehemu safi ya katikati, acha maji ya njano ya chini ya ganda imwangike, juu ile njo inawashawasha. Video gani inaonyesha hatua hiyo?

Tena kwetu Kivu tungepaswa kujua mbele ya wengine. Kinini inatoka mu maganda ya kinkina, mti wenye kupandwa ku milima yetu. Ni ya asili kabisa. Lakini ukiizidisha, masikio yanalia na macho yanaweza kuharibika. Kwa hiyo inapimwa. Nani anapima mu hizi sahani?

Kuko neno lingine lenye kunisumbua zaidi: “kusafisha ngozi”. Kusafisha nini? Ukiangalia vizuri, uso wa mwisho wa video karibu kila mara ni mweupe kidogo kuliko uso wa mwanzo, wakati ingine ni taa tu. Ni njia ile ile ya mkorogo, ila imevaa majani. Mu soko kuko loshoni zenye picha ya karoti, na ndani ni idrokinoni, yenye Ulaya imekataza mu mafuta ya kung’arisha ngozi tangu 2001. Karoti ilipewa tu kazi ya kusimama ku mlango.

Sasa nageukia wenzangu wenye diplome. Kazi hakuna, tunajua, na wengi wetu tunachemsha, tunachuja, tunaweka mu chupa, tunauza. Sitacheka mtu mwenye kutafuta kodi ya nyumba kwa njia hiyo. Lakini kitu chenye maji na majani, bila kihifadhi, kinazaa bakteria kisha siku chache, hata kama kinanukia vizuri, tena mu nyumba zenye umeme wa kukatikakatika. Mafuta matupu yanavumilia, maji hayavumilie. Mtu wa farmasi ao wa biolojia alisoma mambo haya na akafanya mtihani. Hata hivyo nimeshika mu mikono chupa nzuri, jina la Kifaransa, maua ya kuchorwa, lakini hakuna tarehe, hakuna orodha ya vyenye kuwa ndani, hakuna neno la kumwambia mnunuzi ajaribu kwanza kidogo ndani ya mkono na angojee siku mbili. Kuko tu maneno mawili: “100% asili”.

Basi mwenzangu mwenye kuuza, nijibu hapa chini bila kukasirika: zile chupa zenye hazikuuzwa mwezi uliopita, ulizifanyia nini?