"Crazy" si Wazimu Tu

Mwanafunzi akilikuta neno la Kiingereza "crazy" huandika "wazimu", nasi walimu hutia alama ya sahihi. Kosa ni letu.

Neno hilo halikuanza na ugonjwa wa akili. Limetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuvunja au kutia nyufa. Katika karne ya 16 na ya 17 Mwingereza aliweza kuita hivyo jahazi bovu, ukuta uliochakaa, au mtu dhaifu wa mwili. Maana ya akili ilifuata. Wazimu wetu una asili nyingine: ni jamaa ya mzimu. Huko chombo kimepata ufa. Huku nyumba imeingiliwa na mgeni.

Siku hizi Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa mtu apendaye mpira kupindukia, kwa bei isiyosadikika, kwa shauri la kipumbavu, hata kwa kazi ifanywayo kwa nguvu zote. Humo hamna mgonjwa. "Ana wazimu wa mpira" yaeleweka. Lakini "wewe mwendawazimu" ni tusi zito, ilhali msemaji wa Kiingereza huenda alimtania rafiki yake tu.

Basi tuwafundishe wanafunzi kuuliza kwanza: nani anasema, na juu ya nini? Ndipo wachague: kupindukia, ajabu, upuuzi. Wazimu wasiutaje ovyo. Darasani humo huenda yumo mtoto ambaye kwao kuna mgonjwa, naye anasikia.