Sinema Zifunzazo na Mtazamaji wa Tanga

Wahakiki wetu wamezoea kuzichambua riwaya, tamthilia na mashairi, lakini sinema wameiachia baraza. Huko kila mtu husema apendavyo: hii nzuri, ile mbaya, basi. Hali hiyo haitufai tena. Mwanafunzi wa Tanga, awe wa Usagara, wa Pangani au wa Korogwe, huenda ametazama michezo mingi ya televisheni kuliko vitabu alivyosoma. Yatupasa basi tuziulize filamu hizo swali moja: zinamhesabu mtazamaji wao kuwa nani? Je, ni mtu mwenye akili timamu awezaye kulipima jambo, ama ni mtoto wa kuambiwa fanya hivi, usifanye vile? Katika makala haya tutalijadili swali hilo kwa mifano michache, tukisema kama watazamaji wa kawaida wala si kama mafundi wa kamera.

Swali lenyewe lina historia katika mkoa huu. Mwaka 1935, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, lilianzishwa jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema za elimu, na makao yake yakawekwa Vugiri, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Viongozi wake walikuwa Waingereza, Notcutt na Latham. Kufikia mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu zipatazo 35. Sauti iliwekwa kando katika sahani za santuri ili filamu moja iweze kusemwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kwingineko, kisha filamu zikapakiwa garini na kupelekwa vijijini.

Filamu mojawapo ilihusu akiba. Mfanyakazi wa shamba anaufukia mshahara wake ardhini na unaibwa. Funzo ni kwamba fedha ziwekwe katika benki ya posta. Funzo hilo si baya, maana hata leo hakuna mzazi ambaye angemshauri mwanawe afukie fedha. Kasoro imo katika namna mtu huyo alivyochorwa. Anafukia fedha kwa sababu ni mjinga, na ni mjinga kwa sababu ndivyo filamu inavyomtaka awe. Haielezwi mshahara wenyewe ulikuwa kiasi gani. Wala haiulizwi kwa nini mtu aliyeijua serikali kwa kutozwa kodi asite kuipa serikali hiyo hiyo shilingi zake azitunziwe. Mtu asiyepewa sababu ya tendo lake hawezi kuwa mhusika kamili. Ni kielelezo tu cha kosa, kama picha ya mbu katika bango la afya.

Mtindo huo haukwisha Vugiri ilipofungwa. Katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, tunakutana tena na mtu wa shamba afikaye mjini asijue la kufanya. Kawawa alikuwa na kipaji, na watazamaji walimpenda. Hata hivyo kicheko kilikuwa cha mjini, na aliyechekwa alikuwa wa shamba.

Baada ya Uhuru taifa lilijipatia chombo chake, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Filamu yake Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, ililigeuza lengo: mkulima sasa hakuwa wa kuchekwa bali wa kukombolewa, na kijiji cha ujamaa kikawa ndiyo njia. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa ya maudhui, nasi tunayaheshimu. Lakini fani haikugeuka kwa kiasi hicho. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla mtazamaji hajaketi, naye kazi yake ikabaki kukubali.

Tulinganishe na sinema ambazo hakuna aliyezileta kwa nia ya kufunza. Katika majumba ya sinema ya mwambao, na Majestic ya mjini Tanga miongoni mwao, filamu za Kihindi zilipendwa mno na watu wengi wasiojua Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, inamhusu jaji anayeamini kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, huku mwanawe mwenyewe akilelewa katika wizi kwa sababu ya ukatili wa baba huyo huyo. Katika Mother India, ya mwaka 1957, mama anampiga risasi mwanawe mpenzi ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Je, tabia ni damu au ni malezi? Je, mama ana haki ya kumhukumu mwanawe? Hayo ni maswali ambayo mtu wa pwani, aliyekuzwa kwa ngano na tenzi, anayafahamu bila mkalimani. Filamu hizo zilimpa mambo ya kubishania, akatoka nayo mlangoni.

Wapo wasemao kwamba nchi maskini haiwezi kumudu sinema isiyo na funzo. Nasi twasema hivyo hivyo, ila funzo lisilopita katika akili ya mtazamaji halidumu. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyotengenezwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, ni ushahidi. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haimsaidii, naye anamwogopa mganga wa jadi kwa sababu ya jeraha la utotoni. Mganga hapa si kichekesho wala shetani. Ni mtu mwenye elimu yake, na mgonjwa ana sababu ya hofu yake. Mtazamaji wa Tanga huiona tofauti upesi, maana katika filamu nyingi za video zilizoenea baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, mganga ni kaniki, kibuyu na kicheko kirefu, na jina la Tanga hutajwa pale tu panapotakiwa uchawi. Mkoa mzima umefanywa kielelezo cha kosa, kama yule mfanyakazi wa Vugiri.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na tangu hapo michezo imekuwa mingi. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, iliuweka mji wa Bagamoyo mbele ya macho yetu pamoja na mpiga picha Cheche na ndoa yake. Ilidhaminiwa ili kueneza elimu ya afya, na pengine wahusika husimama kidogo kusema maneno ya daktari. Lakini Cheche ana udhaifu tunaouelewa, na twataka kujua atafanya nini kesho. Hilo peke yake ni ushindi.

Kwa maoni yetu, iliyoufikia mwambao wetu kwa karibu zaidi ni Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar mwaka 2015 na kutengenezwa na shirika la UZIKWASA la Pangani. Mwanamke mfanyabiashara anarudi kwao kwa arusi ya nduguye, anabakwa, na jamii inataka jambo lifunikwe. Filamu hii nayo ina funzo. Lakini hapa hakuna mjinga mmoja wa kucheka. Wanaonyamaza wana sababu zao: ujirani, woga, jina la ukoo, nasi twazijua sababu hizo kwa kuwa ni zetu. Mtazamaji hawezi kumnyoshea mwingine kidole bila kujiuliza yeye mwenyewe angesema au angenyamaza. Kutoka Vugiri hadi Pangani ni safari ya miaka 80, na tofauti haikuwa katika ubora wa kamera tu.

Kwa walimu, basi, tunapendekeza maswali matatu kwa kila filamu ambayo wanafunzi wameitazama. Nani anajua, na nani anafanywa asiyejua? Nani anapewa sababu ya tendo lake, na nani ananyimwa? Mwisho unapofika, je, limebaki lolote la kuamuliwa na mtazamaji? Mwanafunzi awezaye kujibu hayo kwa mifano ya matendo na maneno ya wahusika atakuwa amefanya uhakiki, hata kama filamu yenyewe ni dhaifu. Tena ataweza kueleza kwa nini yeye, mtu wa Tanga, hakujiona katika ule mganga wa kaniki na kibuyu.