Joto Lipitalo Chini ya Mbao

Moto wa mekoni huonekana ukiwaka na jua huonekana likichomoza, lakini lipo joto jingine ambalo mtu hulitambua kwa nyayo zake tu, lisilo na ndimi wala moshi, na mafundi walitengenezalo nawastahi kuliko wengi waliojipatia sifa kwa kazi zilizo wazi machoni pa watu. Katika nchi za Norwe na Uswidi, ambako baridi huchukua miezi mingi na ambako baadhi ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki wamefanya makao, sakafu ya mbao ya jikoni hutandikiwa waya wa umeme chini yake, nao hupata moto kidogo kidogo hata mpishi akaweza kusimama pekupeku alfajiri, ilhali nje theluji imefunika dirisha. Mimi naitafakari kazi hiyo nikiwa Mitundu, katika Wilaya ya Itigi mkoani Singida, na naamini kwamba sehemu iliyo ngumu kupita zote katika ustadi ule, yaani kulizuia joto lisivuke kiasi chake, watu wa huku wanaijua vyema, ijapokuwa wao hutumia kuni na matofali ya udongo.

Ama kazi yenyewe ya umeme, huanza kwa penseli kabla ya nyundo. Fundi huuliza kabati zitakaa wapi na friji itasimama wapi, kwa sababu haifai kupitisha waya chini ya kitu kizito kisichosogezwa: joto lisipopata njia ya kupanda hujikusanya, na likijikusanya huharibu. Kisha hutandaza ubao wa povu gumu, ili joto lisipotelee ardhini, na juu yake huulaza waya kwa mikunjo iliyo sawasawa, pasipo kuuvukisha juu yake wenyewe hata mara moja, na pasipo kuukata hata ukiwa mrefu kuliko chumba, maana urefu wake ndio uliokadiria ukali wake, na anayeupunguza huuzidishia moto. Baina ya mikunjo miwili hupenyeza kihisi joto ndani ya mrija mwembamba, ili siku kikifa kivutwe na kingine kiingizwe bila ya kung'oa ubao. Na kwa kuwa amali yake itafunikwa, wala hakuna jicho litakaloiona tena, hupima ukinzani wa waya mara tatu, kabla ya kuutandika, baada ya kuutandika, na baada ya kuufunika, akaziandika hesabu zote na kumwachia mwenye nyumba. Desturi hiyo ya kuandika naihesabu kuwa ni adabu kubwa, kwa sababu fundi huacha ithibati dhidi ya nafsi yake mwenyewe.

Zege na vigae huvumilia mengi, ila mbao hazivumilii. Ubao uliokatwa na kurandwa hauachi kuvuta unyevu na kuutoa, hutanuka na kujikunja kwa kadiri ya hewa iuzungukayo, na ukichomwa kwa ghafula hupasuka au huachana na mwenziwe. Ndiyo maana mbao hulazwa kwanza siku kadhaa katika chumba kile kile zitakamofanya kazi, ndiyo maana huachiwa mwanya kandokando ya kuta, na ndiyo maana uso wa sakafu haupandishwi kupita nyuzi 27 za Selsiasi au karibu na hapo, kiwango ambacho mgeni angekidhania ni kidogo mno. Misitu yetu ya miombo inao mti unaostahili sakafu ya namna hiyo, nao ni mninga, ambao maseremala huusifu kwa utulivu wake: hukauka polepole, lakini ukishakauka haupindiki wala haupasuki kwa wepesi.

Sanaa ya kupasha sakafu ni kongwe. Warumi waliinua sakafu za hamamu zao juu ya nguzo fupi za matofali, na Vitruvius, msanifu wao aliyeandika juu ya majengo, aliagiza tabaka la chini liinamishwe kuelekea tanuri, hata tufe likitupwa ndani lisiweze kutulia bali lirudi lenyewe mdomoni. Kwa mwinamo huo moto ungeenea kwa wepesi chini ya sakafu nzima. Wakorea waliupitisha moshi wa jikoni chini ya chumba cha kulala, moto mmoja ukapika na kupasha. Unguja nayo ina hamamu za Hamamni, alizozijenga Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, akafuata namna ya Waajemi, ambao hamamu zao hupashwa na tanuri lililofichwa.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa huku kwetu, nao ni bani la kukaushia tumbaku. Simsifu hapa mvutaji wala moshi wake. Namsifu mjenzi na mkeshaji. Bani ni nyumba ndefu kwenda juu, yenye kuta za matofali ya udongo, na mdomo wa tanuri uko nje. Mabomba ya bati hutoka katika tanuri, huzunguka ndani karibu na sakafu, kisha hutokea katika dohani, hata moshi usiguse jani wakati joto linalipandia kutoka chini. Majani hufungwa katika fito na kutundikwa safu juu ya safu. Siku za mwanzo moto huwekwa mdogo, yapata nyuzi 35 hadi 38, na matundu ya hewa hufungwa, ili jani lipate wasaa wa kugeuka manjano lingali na uhai ndani yake. Hapo matundu hufunguliwa kwa hadhari na joto kupandishwa hatua kwa hatua, likapita 50 jani likikauka, na mwisho likafika karibu na 70 ili mshipa mkuu wa kati, ulio mkaidi kuliko yote, utoe maji yake. Kazi yote huchukua takriban juma zima, usiku na mchana. Aliyeharakisha katika hatua ya kwanza hupata jani lililofungia ukijani wake, au lililoungua likawa hudhurungi, na hakuna moto wa kesho utakaolirudisha. Tena jani moja likianguka juu ya bomba lililokolea huweza kuliteketeza bani zima, kwa hiyo mjenzi mwenye akili hutandaza wavu wa chuma juu ya mabomba. Mjenzi aliye bora zaidi machoni pangu ni yule apangaye tanuri lisilopoteza joto, kwa kuwa kila gogo lililookolewa ni mti uliobaki msituni, na miombo imekwisha kulipa gharama kubwa kwa ajili ya tumbaku.

Kijana wa Mitundu akitaka kujifunza kazi ile ya ughaibuni, itambidi aketi na mwalimu kwa habari za ukinzani, na za swichi ya usalama ikatayo mkondo mara unapovuja miliampia 30 tu, kwani umeme haumrehemu anayekisia. Lakini akiambiwa kwamba sakafu mpya ya mbao haipewi joto lake lote siku ya kwanza, bali huanzishwa chini na kupandishwa nyuzi chache kila siku hata ifike kiwango chake, sidhani kama atahitaji kuelezwa mara ya pili. Atauliza tu kipimajoto kiko wapi.