Heko, Christ's Hospital

Shule ya Christ's Hospital ilianzishwa London mwaka 1552, enzi ya Mfalme Edward VI, kwa ajili ya watoto wa maskini. Mimi huipendea zaidi sare yake: koti refu la buluu linalokaribia miguu na soksi za manjano, vazi la tangu enzi hizo, nayo shule huwapa wanafunzi bure. Ukiwatazama, humjui mtoto wa tajiri wala wa mkata. Hekima iliyoje! Mwaka 1673 Mfalme Charles II aliiongezea shule ya hisabati ya kuandaa mabaharia. Wavulana walihamia Horsham mwaka 1902. Wasichana, waliokuwa wakisomea Hertford, wakawafuata mwaka 1985. Na karo? Hupimwa kwa kipato cha mzazi, na wapo wasiolipa hata senti.