Ugonjwa Usio na Kilele

Maandishi yanayotajwa sana kuhusu dayalisisi ni makala ya Shana Alexander katika jarida la Life, Novemba 1962. Miaka miwili kabla yake, huko Seattle, daktari Belding Scribner alikuwa amebuni mrija wa kuachwa mkononi mwa mgonjwa, ili aunganishwe na mashine tena na tena bila kutobolewa mshipa mpya kila mara. Mashine zilikuwa za kuhesabu na wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya watu 7, karibu wote raia wa kawaida, wakae waamue nani apate nafasi. Kwenye picha nyuso zao zimetiwa kiza, kama mashahidi wa kesi ya mauaji.

Ni makala kali, sikatai. Lakini soma tena uone mvuto wote uko wapi: mlangoni. Wagonjwa wamo, ila kinachokushika shati ni kile chumba cha kamati. Ukishajua fulani kachaguliwa, unapumua, hadithi imeisha. Kwani kwake yeye imeisha? Kwake ndiyo kwanza Jumatatu.

Mimi ni mtu wa Jumatatu na Alhamisi, saa nne kila kikao, mwaka wa tatu sasa. Chuo niliacha mwaka wa pili manake ratiba ya mihadhara na ratiba ya mashine zilikataa kupatana. Basi nasoma haya mambo nikiwa na sindano mbili mkononi, moja ikitoa damu, nyingine ikirudisha.

Robert Harling alikaribia zaidi. Tamthilia yake Steel Magnolias, ya 1987, aliiandika baada ya kufiwa na dadake, na yote inatokea ndani ya saluni moja Louisiana. Mashine hatuioni. Tunaona mikono ya Shelby, imejaa alama, na wanawake wa saluni wakishtuka. Hapo nilisimamisha kusoma. Hivyo ndivyo watu hugundua: si hospitalini, ni pale unapokunja mkono wa shati kwenye matatu ili utoe nauli. Halafu mamake anampa figo, halafu Shelby anakufa, na mchezo unarudi kwenye njia yake. Upandikizaji au kaburi. Watunzi hawajui jambo lingine la kufanya na sisi.

Huku kwetu tanzu yenye wasomaji wengi kuliko riwaya yoyote ni bango la harambee. Nalitaja kwa heshima, limenilipia mengi. Lakini ni utungo wenye kanuni ngumu. Picha iwe ya zamani, mashavu yamejaa. Mgonjwa awe "mwerevu" na "ndoto zake zimekatizwa." Awe karibu kufa, ila si karibu sana, manake hakuna mtu hutuma M-Pesa kwa maiti. Bango langu la kwanza aliliandika binamu yangu na akalipatia kabisa. La pili halikuchanga hata nusu. Nilikuwa bado hai, na hilo wasomaji hawakulitarajia. NHIF ilipokuwepo ililipa shilingi 9,500 kwa kikao, vikao 2 kwa wiki, lakini nauli, vipimo na dawa vilibaki vyangu, na havina kilele. Utaandikaje bango la kila wiki?

Runinga nayo ilikuja. Mwanahabari mmoja aliniomba nitazame dirishani, mara tatu, "kama unafikiria." Wakachukua sindano inavyoingia. Mzee wa mashine ya pili alipoanza kunisimulia vile mbuzi wake walikula hati ya shamba, nikacheka hadi mashine ikalia, kamera ilikuwa imeshafungwa.

Kuna neno pia la kulalamikia. Magazeti huandika "kusafisha figo." Figo zangu hazijasafishwa na mtu, ziko tu pale zimelala. "Kusafisha damu" ni afadhali, lakini lina harufu ya lawama: damu chafu. Mama mmoja wa kanisa aliniuliza nilifanya nini. Lugha yetu ina kitenzi cha haki kabisa: kuchuja. Mwenye kuchuja chai halaumu maji. Na ndivyo ilivyo, damu inapita ndani ya nyuzi nyembamba zenye uwazi, nje yake yanapita maji yaliyotayarishwa, taka na maji ya ziada vinavuka, chembe za damu zinabaki. Chujio, basi.

Hayo maji ndiyo nangoja mwandishi ayaone. Mashine ikipitisha nusu lita kwa dakika, kwa saa nne inatumia lita 120. Mimi nimeruhusiwa chini ya lita moja kwa siku, supu na uji zikihesabiwa ndani. Nalala pale koo limekauka, kando yangu kitu kinakunywa mapipa, katika mtaa ambao mfereji hutoka mara mbili kwa wiki. Kamati ya watu 7 haihitajiki hapo. Drama iko kwenye bomba la kumwagia.

Nikiulizwa maandishi gani yanasema kweli kuhusu dayalisisi, nitataja daftari la sista. Kila kikao mstari mmoja: uzito wa kuingia, presha, uzito wa kutoka, na ule wanaouita uzito mkavu, yaani kilo zangu halisi bila maji yaliyokwama. Hakuna ndoto iliyokatizwa. Mara moja moja kuna neno pembeni: "miguu imekaza," "amehisi baridi," "amekataa mkate." Mstari wa Alhamisi iliyopita unasema niliingia na kilo 61.4 nikatoka na 58.9, na pembeni sista ameandika, "ameomba kalamu."